Sauti ya Baba Mkubwa Darasani

Herieth alilelewa kijijini Kasense na baba yake mkubwa, Teodori, kwa sababu baba mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Jioni wakipukuchua mahindi, mzee huyo alimsimulia habari za malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambamo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Kwa hiyo alipofika mwaka wa mwisho wa chuo hakuhangaika kutafuta mada ya utafiti. Alitaka kujua kwa nini malungu yalizimika.

Vitabuni alikuta wanahistoria wawili wasioelewana. Wa kwanza aliandika kwamba majembe ya bei rahisi kutoka Ulaya ndiyo yaliyoua kazi ya wahunzi. Wa pili alikataa: jembe la Kifipa lilikuwa bado linapendwa, ila vijana wa kuchoma mkaa na kuvukuta moto wa tanuri walikuwa wameondolewa, wakapelekwa kuwa manamba, vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga.

"Usichague upande kama unashangilia timu ya mpira," msimamizi wake, Mwalimu Marsiana, alimwonya. "Tuoneshe wanapopishana, halafu tuoneshe ushahidi unaelemea wapi."

Herieth akaenda kwa mtu aliyemwamini kuliko vitabu vyote.

"Ni majembe," Teodori alimjibu bila kusita. "Babu yako Kasmir alikuwa mhunzi. Alivukuta mpaka duka la mjini lilipoleta majembe ya Mzungu. Hayo ya manamba ni maneno ya watu, mwanangu. Huku kwetu hakuchukuliwa mtu."

Herieth aliyachukua maneno hayo, akayatumia kumpinga mwanahistoria wa pili. Aliandika kwamba msomi huyo hakuwasikiliza wenyeji.

Siku ya kuwasilisha tafiti, mwanafunzi mwenzake, Shija, alitangulia. Huyu alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Rukwa, na utafiti wake ulihusu manamba. Aliweka simu mezani, akasema darasa litasikiliza rekodi ya mzee mmoja aliyeomba asitajwe jina.

"Baba yangu ndiye aliyewakusanya," sauti ilisema, ikakohoa kidogo, ikaendelea. "Alikuwa wakala wa manamba. Aliwachukua wavukutaji wake mwenyewe. Wengine hawakurudi. Lungu likabaki bila watu, mvua ikalibomoa."

Herieth aliijua ile sauti kabla haijamaliza sentensi ya kwanza. Ndiyo iliyomfundisha kusali. Mwalimu Marsiana alipoita jina lake, alisimama, akatazama karatasi zake, akasema, "Naomba nisisome leo, mwalimu."

Nje alimuuliza Shija alimpata wapi mzee yule.

"Kasense. Watu walinielekeza. Kwani unamfahamu?"

Herieth alipanda bodaboda moja kwa moja hadi nyumbani, akamkuta Teodori anaanika maharage.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekuja bila taarifa?"

"Nimekusikia kwenye simu ya Shija."

Mzee aliendelea kusambaza maharage kwa kiganja, mpaka yalipokuwa hayana tena pa kusambazwa.

"Yule ni mgeni," alisema hatimaye. "Akiiandika habari hii, anaondoka nayo. Wewe ungeileta humu kijijini. Wajukuu wa waliochukuliwa ndio majirani zetu, Herieth. Tunazikana nao."

"Ungeniambia tu nisiandike."

"Ungeandika."

"Basi ukaona bora unidanganye, nikaaibike mbele za watu?"

"Nilizitunza siri za baba yangu. Mtoto mwema hufanya nini kingine?"

Hakuomba radhi. Herieth naye hakukaa kusubiri chai.

Aliifumua kazi yake na kuianza upya. Wanahistoria wote wawili aliwarudisha, safari hii kila mmoja kwa nguvu ya hoja zake. Alieleza pia kwamba shahidi mmoja wa Kasense alitoa kauli mbili zinazopingana, moja kwa ndugu na nyingine kwa mgeni, na kwamba kauli aliyompa mgeni ndiyo yenye uzito, kwa kuwa msemaji hakuwa na cha kulinda alipoitoa. Jina hakulitaja. Mwalimu Marsiana aliisifu sehemu hiyo kuliko zote, wala hakujua iliandikwa kwa machozi.

Krismasi Herieth alikwenda Kasense, akasalimia kwa adabu, akasaidia kupika. Watoto walimsogelea Teodori wakitaka hadithi. Herieth alibaki jikoni, akijaribu kukumbuka zile alizosimuliwa utotoni, na hakuweza tena kujua ipi ilipindishwa kwa kuwa yeye ni mtoto wa nyumbani, na ipi ilikuwa kweli.