Dokta Alisema Mtandao Unakata

Rafiki yangu ana kigugumizi. Naanza na hilo kwa sababu hata mimi nilikuwa nimelisahau. Tumekaa geto moja muda mrefu mpaka nikawa sikisikii tena. Yeye mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, mimi fundi simu. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa kuua simu za nyumbani, hakuna aliyenipa cheti. Lakini nikisema kijana yule anajua, anajua. Bisha uone.

Jioni, madarasa yakiwa matupu, wenzake walikuwa wanamkabidhi chaki. Diskasheni zao nimehudhuria sana, nakaa nyuma kama na mimi nimelipa ada. Akishika chaki, mkono unatembea na maneno yanaufuata. Neno likigoma, anaendelea kuchora tu. Watu wanasubiri, wanamenya karanga, hakuna anayemmalizia sentensi. Wanachuo wanasoma hivyo, usidanganywe. Kwenye mhadhara wanasaini mahudhurio, kusoma kwenyewe ni jioni kwa mwenzao mwenye chaki.

Halafu somo moja likahamia mtandaoni, ukumbi haukutosha. Dokta, mhadhiri wao, anafundisha akiwa kwake, wao wako vitandani. Rafiki yangu anaegesha simu juu ya ndoo, nami nasikiliza huku nachomelea vitu vyangu.

"Jamani, mnanipata?"

Dokta anagongagonga maiki.

"Mnanipata?"

Mmoja anaandika ndiyo. Na dokta akimtaja mtu ajibu swali, aliyetajwa kama hajasoma anajikatisha. Walikuwa na ufundi huo: "Dok... mimi nadha... ni kwam..." halafu anatoka hewani. Dokta wa watu anasema, "Huyo mtandao unakata, tuendelee." Geto zima kicheko. Rafiki yangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Likaja wasilisho. Kila mtu peke yake, kwa mdomo, moja kwa moja hewani. Ukikosa maksi za wasilisho huingii kwenye mtihani wa mwisho, unarudia mwaka. Yeye akachagua makorongo, namna mvua inavyokula ardhi huko kwao upande wa Kondoa. Korongo limemeza nusu ya shamba la babu yake, nani wa kumfundisha?

Jina lake likaitwa.

"Shi-shi-shikamoo Do-do..."

"Marahaba. Rudia, unakatika."

"Ma-ma-mada ya-ya..."

"Kijana, hatukupati. Mtandao unakata. Tuendelee."

Nikarukia simu. Nilitaka kupasua spika: hajakatika, anaongea! Akanidaka mkono, macho yamemtoka. Sheria ilikuwa sauti ya mtu wa pili ikisikika umefutiwa. Nikabaki nimeng'ata kola ya shati langu. Wenzake wote walikuwemo humo hewani, wale wale wa karanga. Hakuna aliyewasha maiki.

Mmoja anakaa nyumba ya jirani. Nikamfuata.

"Ulikuwepo, ulisikia. Mbona hukusema?"

"Kaka, ningewasha maiki dokta angeniita mimi. Sijasoma."

"Na wewe ndiyo rafiki?"

"Wewe kelele zako hizi ungempigia dokta basi, si unajua kuongea?"

Ningempiga. Sikumpiga kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nikarudi geto. "Mwambie dokta una kigugumizi. Basi."

Akavuta pumzi. Tukiwa wawili anaongea vizuri, anakwama kidogo tu. "Mwaka wa kwanza nilimwambia dokta mmoja. Akanipa maksi bila ku-kunisikiliza. Alininyamazisha kwa maksi. Sitaki. Na wewe usimwambie."

"Unafeli, ndugu yangu!"

"Apa."

Nikaapa. Mimi nikiapa nimeapa.

Kesho yake dokta akatuma ujumbe, wa kiungwana kabisa: tafuta mahali penye mtandao mzuri, Ijumaa utarudia. Dada yangu anafanya usafi kwenye ofisi moja kule Mtumba. Akatuombea kwa bosi wake, tukapewa chumba kidogo cha mikutano. Ukutani kulikuwa na ubao mweupe na kalamu zake. Nilipouona nikamkumbatia jamaa. Atawasha kamera, atachora, ulimi utafuata mkono. Tumemaliza!

Bosi mwenyewe akaja kutuonyesha soketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mtandao wetu haujawahi kukata, msiwe na wasiwasi."

Dokta akapatikana kwenye laptopu ya ofisi, picha safi. Rafiki yangu akasimama ubaoni, akachora mlima, akachora maji yanavyoshuka. Nikaona bega lake linalegea. "Mvua ya-ya kwanza ikinyesha kwenye ardhi iliyo uchi, dokta..." Yaani ilitoka! Mimi nimekunja ngumi za furaha chini ya meza.

"Ngoja kijana," dokta akasema. "Bado unakatakata. Zima kamera, mtandao upate nguvu."

Rafiki yangu akageuka akaniangalia. Mimi nikaangalia laptopu. Angefanya nini? Dokta amesema zima. Akazima.

"Haya, endelea."

Akaendelea kuchora, lakini sasa anamchorea nani? "Ma-ma-maji ya-ya-ya..." Neno likakaa kooni, mishipa ya shingo imesimama. Mimi na mdomo wangu wote huu, unaogombana na makondakta na wenye nyumba, nimekaa hatua moja kutoka kwenye maiki na siwezi kutamka neno.

"Basi, basi," dokta akasema kwa upole. "Nimeona unajitahidi. Kosa siyo lako, ni la mtandao. Nakuwekea wastani wa darasa, utafanya mtihani. Pole sana."

Akakata. Rafiki yangu akawa bado yuko kwenye neno lile lile. Likatoka kioo kikiwa kimeshakuwa cheusi. "Maji yanatafuta njia," akasema. Akaenda nalo mpaka mwisho, wasilisho zima, anaelekeza mishale yake kwa kalamu, na mimi peke yangu kwenye viti vyote vile naitikia kwa kichwa.

Mama wa ofisi akachungulia. "Vipi, amepita?"

"Amepita, mama."

"Alhamdulillahi! Si niliwaambia mtandao wetu ni mzuri?"

"Mzuri sana, mama," nikasema. "Asante."