Kidude Kilichobaki Mkekani

Vibonyezo vyake havina mlio wa kompyuta. Vinalia kwa ndani, puk, puk, kama mtu anayetoa maharage mabichi kwenye maganda. Juzi nilikuwa jikoni nakanda unga, nikausikia mlio huo kutoka chumbani, na mikono yangu ikasimama yenyewe. Paulina, mdogo wangu wa mwisho, alikuwa akitafuta sindano kwenye sanduku la mama.

"Dada, hiki kidude bado kipo?"

Kipo. Ngoja niwaeleze kilivyo, maana hata sasa mtu akikiona mara ya kwanza hukigeuza mara tatu. Ni cheusi, kinaenea kiganjani, na kina vibonyezo vidogo vya mpira vilivyojipanga kama punje kwenye gunzi. Kila kibonyezo kina herufi yake, lakini hazifuatani kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Zinaanza na Q, halafu W. Kwa juu kimetoa kijiti cha chuma, kama kinachosubiri kuchomekwa mahali. Hakina kioo, hakina betri, hakina pa kuweka laini ya simu.

Mama alikipata kwa wageni aliokuwa akiwafanyia usafi kule Bagara. Walipohama waligawa sufuria, mapazia na viatu vya watoto wao, na hicho kilikuwa ndani ya mfuko wa vitu hivyo, chini kabisa, kimefungwa kwenye kitambaa laini. Nilimuuliza ni nini. Akakibonyeza mara mbili, akakisikiliza.

"Sijui, mwanangu. Lakini mtu hafungi kitambaa kitu kisicho na maana."

Akakitia sandukuni, kati ya kitenge chake kipya na vyeti vyetu vya ubatizo. Hakukizungumzia tena. Miezi michache baadaye alifariki. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza. Safari alikuwa na tisa, Paulina mitano.

Kwenye ukoo wetu, matanga yakiisha, vitu vya marehemu hutolewa nje na kupangwa mkekani. Kimoja kimoja kinatajwa, kinapewa mtu. Kikao hakifungwi kama kuna kitu kimebaki mkekani, na watoto huzungumzwa mwisho. Nilikuwa nimeshasikia, nikiwa naosha vyombo vya msiba, jinsi tutakavyogawanywa: Safari kwa Mjomba kule Dareda, Paulina kwa Baba Mkubwa, na mimi kwa Shangazi, Nakwa, nikamsaidie kuuza samaki. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na watoto wake na nyumba yake ndogo. Lakini Paulina hakuweza kulala bila kushika sikio langu, na nilijiuliza usiku wa kwanza kule kwa Baba Mkubwa angeshika sikio la nani.

Niliyemwogopa zaidi ni Shangazi. Sauti yake ilitangulia kufika, halafu harufu ya samaki wakavu, halafu yeye mwenyewe. Msiba mzima hakunikumbatia hata mara moja. Alinituma tu: maji, kuni, chumvi.

Siku ya kikao vitu vilikwenda haraka. Jembe, godoro, vitenge, sufuria. Mwisho kikabaki kidude.

"Hiki nacho?" aliuliza Baba Mkubwa, aliyekuwa anaongoza.

"Cha kupimia presha," alisema Mjomba. "Nimekiona zahanati."

"Presha gani ina herufi?"

"Basi rimoti ya sola."

"Sola ya nani? Nyumba hii ina kibatari!"

Watu walicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Mzee mmoja akasema huenda ni mali ya wale wageni na watakuja kuidai. Mwingine akasema huenda ni kitu cha thamani kubwa, na akipewa mmoja bila kujua, kesho itakuwa ugomvi. Baba Mkubwa alikuwa mtu wa utaratibu. Akakuna kichwa.

"Hatuwezi kugawa tusichokijua. Kikaulizwe kwanza. Tutakutana mwezi ujao, Jumapili baada ya misa. Watoto wakae hapa hapa."

"Nipeni mimi nikaulize sokoni," alisema Shangazi, akakifunga kwenye pindo la kanga yake.

Siku tatu baadaye alikirudisha. Akakibwaga mezani. "Sokoni hawajui," alisema, akaenda zake bila kukaa.

Jioni ile Safari, ambaye alikuwa akitoroka kwenda kuchungulia gemu, aliniambia kwa kunong'ona kwamba tundu la kijiti kile ameliona, au linalofanana nalo, kwa Kaka Elia. Elia alikuwa na kibanda cha gemu Bagara: televisheni mbili, mashine mbili, benchi, na vijana wanaopiga kelele za mpira ambao haupo uwanjani. Kesho yake nilikwenda. Nilikuwa sijawahi kuingia mle. Kulikuwa na joto la nyaya na harufu ya soksi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta nini?" Hakukigeuza hata mara moja. "Hii ni kibodi ya gemu. Unaichomeka kwenye padi, hiki cha kushika ukicheza, chini hapa, unapocheza unaandika kwa vidole gumba."

"Unamwandikia nani?"

"Unayecheza naye."

"Si amekaa hapa kwenye benchi?"

"Wenzetu wanacheza kwa intaneti. Huyu yuko nchi hii, yule nchi ile. Anamwandikia, leo nakufunga."

Nilijaribu kuliona jambo hilo likanishinda. Mama alikuwa ametunza pamoja na vyeti vyetu kitu cha watu wawili wasioonana kutaniana.

"Inaingia kwenye hii yako?"

"Haiingii. Mashine yake ni nyingine, sijawahi kuiona Babati hii."

"Kwa hiyo haina kazi?"

"Ina kazi. Ila siyo hapa."

Nilisimama katikati ya zile kelele nikiwa nimepewa jibu na bado sina jibu. Halafu nikaona kitu kimoja waziwazi: nikirudi na kusema ni cha michezo, Baba Mkubwa atasema, basi apewe Safari. Mkeka utakuwa mtupu. Halafu zamu yetu.

"Kaka Elia, ukiulizwa na mtu, tafadhali usiseme."

Elia akacheka, cheko fupi la ajabu. "Nani ataniuliza mimi?"

Mwezi ulipita. Niliacha shule nikaanza kuchambua maharage kwenye maghala ya nafaka. Mabovu huku, mazima huku. Jumapili ya kikao mkeka ulitandikwa, kidude kikawekwa katikati peke yake kama mgeni wa heshima. Mjomba akanigeukia.

"Martha, wewe umegusa sekondari. Hukugundua ni nini?"

Sikuwa nimezoea kuwadanganya wakubwa. Nilifungua mdomo, na kweli yenyewe ilikuwa imeshafika mdomoni. Ndipo Shangazi akaropoka.

"Huyu? Huyu atajua nini! Anajua maharage tu. Mwacheni, mnampotezea muda."

Wakacheka. Niliinamisha kichwa, machozi yananichoma, na swali likapita. Baba Mkubwa akasema kiendelee kuulizwa. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo, ukaja msimu wa mbaazi, kila mtu akaenda shambani kwake. Kilipokuja kukumbukwa, Safari alikuwa anamaliza darasa la saba, na hakuna aliyeona sababu ya kuhamisha watu waliokwisha kujilea. Tumekulia nyumba moja, Nangara, wote watatu.

Tusi lile la maharage nililibeba miaka mingi. Nilikuwa nalikumbuka hata nikimpelekea Shangazi sukari ya Krismasi.

Mwaka jana Elia alifunga kibanda. Nilimkuta akipakia viti, tukakumbushana, nikamshukuru kwa kunitunzia siri.

"Siri yako ilikuwa ya pili," alisema. "Shangazi yako alikutangulia. Harufu ya samaki ilibaki humu mpaka jioni. Nilimweleza ni nini, akaniambia: mtoto akija mweleze vizuri, mtu mzima akija sema hujui."

Nilitembea mpaka nyumbani nikiyapanga upya yale maneno, huyu atajua nini, mwacheni, na kila nilivyoyapanga yalikuwa mkono uliowekwa mdomoni mwangu ili nisiseme kweli wala nisilazimike kudanganya. Lakini kama alitaka tubaki pamoja, kwa nini hakusema tu? Labda alijua asingesikilizwa. Labda aliogopa kuonekana anamkataa mtoto wa kaka yake. Sijui. Utotoni nilidhani wakubwa hawajui. Sikujua kwamba kuna mmoja alikuwa anafanya bidii asijue.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Nakwa na kidude mfukoni, ndani ya kitambaa chake kile kile. Shangazi amezeeka, sauti ndiyo imebaki. Nilikiweka mbele yake, nikakaa. Alikifungua, akakibonyeza. Puk, puk.

"Mpaka leo hamjajua ni nini?"

Nilimtazama usoni. Hakukuwa na kitu cha kusoma pale.

"Bado, Shangazi," nilisema. "Tunaendelea kuuliza."

"Ulizeni taratibu," alisema, akakifunga tena kwenye kile kitambaa na kunirudishia.