Shikamoo kwa bibi wa Kichina

Jamani, leo nimelia juu ya sahani ya tambi. Kwa furaha.

Mnamjua Salma wangu, miaka minne, kazaliwa hapa hapa London. Kiswahili anakisikia vizuri, kujibu ndo hataki. Bibi yake akipiga simu kutoka Pemba, hujificha nyuma ya kochi. Naumia mie.

Sasa leo tuko Tottenham, mkahawa wa Wachina, ule wa halali. Bibi mwenye mkahawa katuletea chakula mwenyewe.

Salma kashuka kitini, kaushika mkono wa bibi wa watu, kaubusu.

"Shikamoo, bibi."

Kijiko kimenianguka.

Bibi akacheka, akampapasa kichwa, akasema Kichina kireeefu.

Salma kanigeukia: "Mama, amesema marahaba."

Kwa Kiswahili, jamani. Mie nani nimbishie?