Kidevu cha Matroni Dorcas

Katika Buswelu yote hapakuwa na mtu aliyechukia urembo kama Matroni Dorcas. Kwenye bweni la wasichana alilolisimamia, alikagua kucha kabla ya kukagua vitanda. Kanisani, ambako alikuwa mlezi wa kwaya, sheria yake ilikuwa fupi: "Uso aliokupa Mungu ndio utakaoimba nao." Poda, wanja, kope za kubandika, vyote alivipiga marufuku. Na haki itendeke: yeye mwenyewe hakuwahi kuvigusa. Mtu mwenye msimamo ni hazina, hata kama majirani zake wakati mwingine hutamani hazina hiyo ihamie mtaa mwingine.

Ila Matroni Dorcas alikuwa na ndevu.

Si vinyweleo viwili vitatu vya utu uzima. Zilikuwa ndevu hasa, nyeusi na ngumu, zilizoanza kumtoka kidevuni na shingoni tangu usichana. Kila alfajiri alijifungia bafuni na wembe, kisha akatoka amejizungushia mtandio shingoni, hata jua liwe linapasua mawe. Aliyeijua siri hiyo ni mumewe peke yake, Ngosha, fundi cherehani wa Buzuruga, mwanamume mpole ambaye kidevu chake kilikuwa laini kama yai.

"Mama Kija," Ngosha alipenda kumwambia wakati wa chai, "siku Mungu anagawa ndevu alinikuta nimelala, akakuachia wewe na zangu."

"Nitakumwagia hii chai, Baba Kija."

"Mwaga tu. Lakini wembe uwe unauacha hapo kwenye kioo, wageni wadhani ni wangu."

Dorcas alikunja uso, akacheka kwa pua. Utani huo aliuvumilia kwa mtu mmoja tu duniani.

Mambo yalibadilika kwaya ilipoamua kurekodi video juu ya mawe ya Igombe, ziwa likiwa nyuma yao. Mpiga picha alijisifu kwamba kamera yake huonyesha hata sisimizi juu ya jiwe. Wanakwaya walipiga makofi. Dorcas, ambaye ndiye aliyeongoza wimbo mkuu, alishika mtandio wake. Wembe ulikuwa umemjaza vipele, na chini yake weusi ulibaki hata baada ya kunyoa. Siku ya kurekodi ilikuwa bado miezi kadhaa. Akafunga safari hadi hospitali moja mjini, mahali ambapo aliamini hakuna anayemjua.

Daktari Salehe, mtaalamu wa ngozi, hakushtuka hata kidogo. "Wanawake wengi wana hali hii, mama. Mara nyingi ni homoni. Tutapima kwanza. Kuna vidonge, na kuna mashine ya leza inayochoma mizizi ya nywele. Utarudi mara kadhaa, na zitapungua sana, ingawa siwezi kukuahidi kwamba zitaisha zote."

"Na bima yangu inalipa?"

"Hilo kaulize kwenye dirisha la bima."

Kwenye dirisha la bima alikaa Winnie.

Alikuwa msichana wa kwaya yake, mwenye sauti ya kwanza nzuri kuliko zote, ambaye Dorcas alimpeleka mstari wa nyuma mbele ya wote kwa kosa la kuja mazoezini na poda usoni. Dorcas alitaka kugeuka, lakini foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, na mtu wa msimamo hakimbii dirisha.

"Shikamoo, Mama Mlezi."

"Marahaba. Kumbe uko huku?"

"Nimehamishiwa juzi juzi. Nikusaidie nini?"

Dorcas alisukuma karatasi ya daktari kama anayesukuma sahani ya mboga iliyochacha. Winnie aliisoma. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

"Kumwona daktari, bima inalipa," alisema kwa sauti ya chini. "Vipimo vya homoni, inalipa. Vidonge hivi pia vimo. Leza ndiyo hailipi."

"Kwa nini?"

Winnie alitazama kucha zake ndefu za bandia, akazificha chini ya meza. "Wanaihesabu kuwa ni urembo, Mama."

"Urembo? Mimi?"

Sauti iliyozoea kufika mwisho wa bweni ilifika mwisho wa foleni. Mzee mmoja aligeuka, akamtazama Dorcas kwa makini akiutafuta huo urembo, hakuuona, akarudi kwenye simu yake.

Dorcas aliinama kwenye tundu la dirisha, akashusha sauti. "Binti, unanijua. Mtu anayetaka tu awe na uso kama wa wenzake, huyo anajipamba?"

Winnie aliiweka karatasi mezani. "Na mimi ndivyo nilivyotaka kukwambia siku ile, Mama. Hukunipa nafasi."

Alichukua kitambaa, akajisogeza karibu na kioo na kufuta poda chini ya taya. Dorcas aliona weusi uleule, vipele vilevile.

"Jibu la leza nalijua bila kuangalia popote," Winnie alisema, "kwa sababu nililiuliza kwa ajili yangu kwanza. Niliomba wafikirie upya, likarudi lilelile. Ndiyo nikanunua poda."

Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Siku hiyo Dorcas alirudi nyumbani na mkuki wake mwenyewe umemchoma. Chai ilipoa mbele yake.

"Kama ni urembo," alimwambia mumewe, "basi nilikwenda kutafuta kile ninachowakataza watoto wa watu. Kama ni ugonjwa, nilimwadhibu mgonjwa. Upande wowote nitakaoshika, nimekosa."

Ngosha hakutania. "Sasa kamwambie."

"Mbele ya watu?"

"Mstari wa nyuma ulimpeleka mbele ya watu, Mama Kija."

Vipimo vikafanyika, vidonge vikaanza. Leza aliiacha, uwezo wa kuilipia mwenyewe haukuwapo. Daktari alikuwa amemwonya kwamba vidonge havina haraka, na kweli, siku ya Igombe ilipofika wembe ulikuwa bado una kazi.

Wanakwaya walipokwisha kujipanga juu ya mawe, Dorcas alisimama mbele yao akaufungua mtandio. Upepo wa ziwa ukampiga shingoni, mahali ambapo haukuwa umempiga kwa miaka.

"Mimi ni mwanamke na nina ndevu," alisema. "Ni maradhi, natumia dawa. Anayetaka kucheka acheke sasa, kabla kamera haijawashwa."

Wanakwaya walitazamana. Ndipo Nathaniel, mkongwe wa sauti ya nne, akakohoa. "Mama Mlezi, sisi wa besi tunauliza tu, unatuhamia lini?"

Vicheko vililipuka mpaka ndege wa majini wakaruka. Dorcas alijitahidi kukunja uso, ukamshinda, naye akacheka, mara hii kwa mdomo wazi.

"Sasa nisikilizeni," alisema walipotulia. "Sheria ya poda nimeifuta. Niliiweka bila kuuliza mtu ana sababu gani, na aliyeumia namwomba radhi. Winnie, njoo mstari wa mbele. Na hiyo poda yako uje nayo."

Sababu ya Winnie hakuitaja; haikuwa yake kuitangaza.

Akaketi juu ya jiwe, akainua kidevu, akafumba macho kama mtoto anayengoja kudungwa sindano. Winnie alimpaka taratibu, kidevuni, kisha shingoni. Dorcas akafumbua jicho moja. Lilitua kwenye vidole vilivyokuwa vikimhudumia.

"Binti, na hizi kucha nazo ni homoni?"

"Hapana, Mama."

"Nilitaka kuhakikisha tu. Zitoke."

"Kesho, Mama Mlezi."

"Leo. Hii kamera inaona hata sisimizi."