Fundi wa Jeki Aliyekataa Kutoa Daftari Lake

Saa mbili kasoro asubuhi, mvua nyembamba inapiga bati la bohari moja huko Anderlecht, Brussels. Hadassa Kyungu amelala chali sakafuni, kichwa chake kiko chini ya gari la tani saba. Ni gari-nyumba, lile ambalo Wabelgiji huliita mobilhome: mbele usukani, nyuma kitanda, jiko na choo.

Gari limekaa juu ya stendi nne za chuma. Hadassa anafuta kutu kwenye fimbo ya jeki ya nyuma, anaipapasa kwa kidole, anasonya. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi imeshaanza kuitafuna.

Mwenye gari, mzee kutoka Auderghem, anatazama saa yake. Anauliza kwa Kifaransa kama stendi zote hizo ni za lazima, maana gari lina jeki zake lenyewe na zinalinyanyua kwa kubonyeza kitufe tu.

Hadassa anatoka chini, anajifuta mikono. "Monsieur, kama unaziamini, ingia wewe," anamjibu. Mzee anakwenda kusubiri nje.

Fundi huyu ana miaka 46. Wateja humwambia ana hasira, naye hakatai.

"Iko hasira, ndiyo," anasema. "Bon, muntu anaona hii jeki inanyanyua gari muzima, donc anafikiri inaweza kubeba na maisha ya muntu. Hapana. Kazi yake ni kusawazisha gari, ulale vizuri, supu isimwangike. Basi."

Alizaliwa Likasi, Katanga, nchini Kongo, ambako baba yake alikuwa akitengeneza mashine za mgodini zinazonyanyua kwa nguvu ya mafuta, kama jeki hizi. Alifika Brussels mwaka 2009 na kusafisha ofisi kwa miaka sita. Kisha akasomea ufundi wa magari makubwa, mwanamke peke yake katika darasa la watu kumi na tisa.

Karakana iliyomwajiri baadaye ilikuwa ya bwana mmoja aitwaye Cédric. Huko ndiko alikofanya kazi na Lucien, fundi kutoka Kolwezi, Katanga pia, mwenye miaka 61, aliyempokea bila maneno mengi na kumwonyesha kila kitu alichokijua. Hadassa humwita Papa Lucien mpaka leo.

Juni mwaka jana, Jumatano moja, liliingia gari-nyumba ambalo wenyewe walitaka kuondoka nalo Ijumaa kwenda Hispania. Hadassa alilikagua. Jeki ya nyuma kulia ilikuwa inavuja: mpira unaozuia mafuta ulikuwa umepasuka.

Aliandika kwenye daftari la kazi, kwa herufi kubwa, kwamba jeki hiyo haishiki na mtu asiingie chini bila stendi. Daftari lile lilikuwa na karatasi mbili mbili. Nyeupe ilikwenda ofisini, ya njano, yenye nakala ya maandishi yale yale, ikabaki daftarini kwa fundi.

Stendi za karakana zilikuwa nne tu, na zote zilikuwa zimeshikilia gari jingine. Hadassa alikuwa ameomba nyingine tangu Februari.

"Stendi mbili ni cent quarante euros," anasema, yaani euro mia moja na arobaini, na sauti inapanda kwa mara ya kwanza. "Cent quarante. Mukono ya muntu ni ngapi?"

Alhamisi asubuhi Cédric alimwamuru aingie chini hivyo hivyo, bila stendi, abadilishe mpira. Alikataa. Cédric akamgeukia Lucien, akamwambia gari limeshanyanyuliwa, ni kazi ya dakika tano. Lucien alimtazama Hadassa, akatazama chini, akaingia.

Mpira uliachia. Kona ile ya gari ikashuka kwa pigo moja, na tairi likaangukia mkono wa kulia wa Lucien.

Hadassa alikimbilia jeki ya magurudumu, akaisukuma chini ya ekseli, akapiga mpini mpaka tairi likaacha sakafu. Lucien hakupiga kelele. Alikuwa anarudia tu jina la mke wake. Cédric alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, na Hadassa alidhani anaita gari la wagonjwa.

"Alikuwa anaita muntu wa assurance," anasema, yaani wa bima. "Ambulance niliita mimi."

Jumatatu iliyofuata Hadassa alikwenda hospitalini baada ya kazi. Lucien alikuwa ameshapasuliwa mara mbili. Juu ya meza ya kitanda kulikuwa na sanduku la chokoleti, na chini yake karatasi moja na kalamu.

"Papa Lucien, hii ni nini?"

"Cédric ameleta. Anasema ni ya assurance, nitie sahihi na mukono wa kushoto."

"Umeisoma?"

"Miwani imebakia ku vestiaire, kule tunabadilishaka nguo."

Hadassa aliisoma kwa sauti, neno kwa neno. Karatasi ilisema Lucien aliingia chini ya gari kwa hiari yake, bila kutumwa na mtu, na kwamba jeki ilikuwa imekaguliwa na Hadassa Kyungu na kuonekana nzima.

Lucien akasema polepole, "Maman Hadassa, nimebakisha miaka mitano nipate pension. Sitaki makelele."

"Basi makelele nitapiga mimi," alimjibu. Akakunja karatasi ile, akaitia mkobani.

Asubuhi iliyofuata Cédric alimwita ofisini na kumtaka arudishe daftari. Hadassa aliomba kwanza aonyeshwe karatasi nyeupe ya Jumatano. Haikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyingine, yenye mwandiko usio wake, ikisema hakuna hitilafu.

Hakutoa daftari. Alitoka nalo chini ya kwapa mpaka kituo cha metro, na mchana huo alikuwa mbele ya wakaguzi wa kazi wa serikali. Wiki hiyo hiyo alipata barua ya kufukuzwa. Sababu iliyoandikwa ni kutoelewana na wenzake.

Lucien hakutia sahihi. Wakaguzi walipokuja kumhoji, alisema yote kama yalivyokuwa. Karakana ilipigwa marufuku kuingiza mtu chini ya gari mpaka inunue vifaa, ikavinunua kwa siku moja. Kesi ya ajali hiyo itasikilizwa Oktoba. Vidole vitatu vya Lucien bado havikunjiki.

"Siku moja," Hadassa anasema. "Tangu Février naomba, anakataa. Serikali inasema, ananunua siku moja. Hapo njo nilishindwa kulala, sio siku ile ya ajali."

Sasa amekodi nafasi ya gari mbili katika bohari hii. Lucien huja Jumanne na Ijumaa kupokea simu na kuandika kazi kwa mkono wa kushoto, mwandiko ukizidi kunyooka.

Kuanzia Septemba, kila Jumamosi, Hadassa anapanga kuwafundisha bure mafundi wanaofanya kazi bila kibali, kwa sababu anasema hao ndio wanaotumwa chini ya magari wa kwanza na ndio wasioweza kushtaki. Kumi na mmoja wameshajiandikisha, wengi kutoka mtaa wa Saint-Josse. Atawafundisha kukagua jeki, kuandika walichokiona, na kubaki na nakala.

Anapoulizwa kama waajiri wao hawatakasirika, anavuta sanduku la spana kwa mguu, analisogeza kwenye gari la pili.

"Wakasirike," anasema. "Mi nilianza zamani."