Benchi Lililoinamia Kushoto

Mimi hucheka mahali pasipofaa. Siku ya ubatizo wangu nilicheka mdomo ukiwa tayari ndani ya mto, nikameza maji, mchungaji akakatiza maombi ili anipige mgongoni. Nasema haya mapema kwa sababu habari ya benchi la piano watu wengine pale Migori huisimulia wakitikisa kichwa kwa huruma. Mimi siwezi. Nikifika mahali pa msumeno na miavuli, nimekwisha.

Ilianza na daktari mmoja mzee aliyestaafu akarudi kwao. Aliyaachia makanisa ya Kisabato ya upande wetu piano yake ya mbao, nzito, iliyobebwa na wanaume wanane huku kila mmoja akimlaumu mwenzake. Hakusema ni kanisa lipi. Sisi wa Migori tulikuwa na jengo lisilovuja. Wenzetu wa Homa Bay walikuwa na bwana mmoja aliyesomea muziki Nairobi, na walihakikisha kila mtu anajua hilo. Wazee wa pande zote mbili wakaketi, wakala samaki, wakapatana. Piano ingekaa kwetu hadi Sabato fulani. Siku hiyo mzee kutoka Homa Bay angekuja kusikiliza. Akikuta kuna mtu wa kuipiga sawasawa, ingebaki. Asipomkuta, lori lingekuja Jumapili.

Mtu wa kuipiga nilikuwa mimi, mwalimu wa hesabu wa gredi ya sita.

Niliitaka piano ile kwa uchu ambao naona haya kuuandika. Nilipokuwa shule ya bweni kulikuwa na piano ukumbini, imefungwa kwa kufuli na kufunikwa shuka, na ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu peke yake. Nilichora vitufe kwa chaki juu ya dawati langu, nikavipiga bila sauti, nikaadhibiwa kwa kuchafua dawati. Baadaye nilijifunza kibodi ya kanisani, ambayo kwetu hupigwa mtu akiwa amesimama na kuyumba pamoja na kwaya. Sasa piano yenyewe ilikuwa mbele yangu, bila kufuli, na ingeweza kuondoka kwa lori. Usingizi ulinihama.

Tatizo ni kwamba ilikuja bila benchi. Piano haipigwi kwa kusimama. Ukisimama, unainama kama mtu anayefua. Kwa hiyo tukatumia viti vya plastiki vya kanisa, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Viti vitatu vilikuwa chini mno, kidevu changu kikakaribia kugusa vitufe. Vinne vilikuwa juu mno. Nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba viwiko vinatakiwa viwe sawa na vitufe, mgongo wima, nyayo sakafuni. Mama mmoja wa kwaya akaleta mto wa kochi lake, tukauweka juu ya viti vitatu. Kila ubeti nilioupiga nilizama kidogo, na kufikia "Amina" nilikuwa nimerudi kwenye viti vitatu.

Ndipo nikampigia baba.

Baba ni fundi wa mashua kule Karungu. Si mtu wa kanisa. Nilipokuwa mdogo alitusindikiza mimi na mama hadi langoni kila Sabato, akatuaga, akarudi kwenye mashua zake. Kuhusu muziki wangu hakuwahi kusema neno, baya wala zuri. Tuliongea Kijaluo, kama kawaida yetu.

"Baba, nataka unitengenezee benchi la piano. Nitakuja Jumapili unipime."

"Nikupime kwa nini? Mtoto niliyemzaa mwenyewe?"

"Urefu lazima uwe sawa kabisa."

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, "nimetengeneza mashua ambazo zimebeba watu na ng'ombe. Niambie tu hiyo piano yako iko juu kiasi gani kutoka chini."

Nikamwambia. Yaliyobaki alisema anayajua.

Benchi lilifika Ijumaa saa kumi, mkesha wa Sabato yenyewe, limefungwa nyuma ya bodaboda miguu ikitazama mbinguni. Lo, lilikuwa zuri! Mvule mtupu, refu la kuwatosha watu wawili, limepigwa msasa na vanishi hata ukaweza kujiona pua. Baba alikuwa amelipigilia misumari ileile ya shaba anayotumia kwenye mashua. Nililipapasa kama mtu anayepapasa ndama. Kisha nikakaa.

Mapaja yakakwama chini ya ubao wa vitufe. Mikono ikaning'inia. Benchi lilikuwa juu, na si juu kidogo.

Shemasi wetu, Mkuria wa Ntimaru na fundi wa milango na madirisha, alikuwa pale akifagia. Alilizunguka mara mbili.

"Mwalimu, hii benchi iko juu. Wacha nitoe kidogo tu."

Nilijipima haraka haraka. "Vidole vinne," nikasema.

Akakata miguu miwili ya kushoto, vidole vinne. Mimi nilimaanisha vidole vyangu, yeye alikata vyake, na vidole vya yule bwana vimeshika randa miaka thelathini. Halafu mguu mmoja ukawa mfupi kuliko wa pili. Akapunguza wa pili. Ukawa mfupi kuliko wa kwanza. Akapunguza wa kwanza. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilisimama pale na rula ya darasani mkononi, nikicheka hadi machozi, kwa sababu kila mara alikuwa akisema "sasa imeshika" na kila mara haikuwa imeshika.

Hatimaye upande wa kushoto ukawa sawa, na chini kuliko inavyotakiwa. Alikuwa ndio kwanza anageukia miguu ya kulia aliposikia sauti mlangoni.

"Weka chini msumeno!"

Alikuwa mzee wa kanisa, aliyekuja kufungua Sabato. Kwetu hakuna haja ya saa. Jua likigusa paa la posho mill, kile kinu cha unga ng'ambo ya barabara, kazi zimekwisha. Lilikuwa limeligusa.

"Mzee, imebaki miguu mbili tu," shemasi akasihi.

"Hata ingebaki nusu."

"Na ng'ombe ikianguka kwa shimo siku ya Sabato, si Biblia inasema unatoa?"

Mzee akalitazama benchi. "Hii imeanguka?"

"Bado, lakini inaelekea."

Nilitoka nje nikacheka nikiwa nimeshika ukuta. Kisha kicheko kikaisha ghafla, kama umeme unavyopotea, nikaliona akilini lile lori la Jumapili. Ningefika kesho mbele ya mgeni wa Homa Bay na benchi lenye mlima. Nikaogopa kweli.

Baba alipiga simu kabla giza halijaingia vizuri. "Limekaaje?"

"Lilikuwa juu, Baba. Tumekata."

"Nani amekata?"

"Shemasi. Upande mmoja."

Akakata simu.

Asubuhi alikuwa langoni kabla ya shule ya Sabato kuanza, amevaa koti lake la mazishini, na kwenye gunia chini ya kwapa, msumeno. Shemasi alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana mzee. Hii nitakuwekea hapa na miavuli."

"Mimi si mtu wa Sabato," baba akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Msumeno yangu haina dini."

"Msumeno haina, baba," mzee wa kanisa akajibu taratibu, "lakini benchi iko nayo."

Baba akamkabidhi shemasi gunia. Msumeno ukaenda kwenye miavuli, naye akaenda kukaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu anayepita tu.

Mgeni wa Homa Bay alikaa mbele, kitabu cha nyimbo gotini na kalamu mkononi. Nilikaa kwenye benchi. Na hapo nikagundua jambo lililotaka kunifanya nipige vigelegele: kwa kuwa benchi liliinama, urefu wote ulikuwa ndani yake. Kulia juu mno, kushoto chini mno, lakini katikati, nikijisogeza kidogo hivi, viwiko vyangu vilikuwa sawa kabisa na vitufe. Ilikuwa mara ya kwanza. Nikatabasamu hadi masikioni, nikaanza utangulizi wa wimbo.

Nilikuwa nimesahau vanishi ya baba. Tena nilikuwa nimevaa gauni langu la satini. Kufikia mstari wa pili nilikuwa nimeteleza hadi mwisho wa kushoto wa benchi, naipiga sauti ya juu kwa mkono ulionyooka kama mtu anayesimamisha gari. Kwaya ikasita. Nikarudi katikati, nikaanza upya, nikateleza upya. Nyuma yangu watoto walicheka, nami nikacheka, na mgeni akaandika kitu. Mara ya tatu sikucheka. Niliinamisha kichwa. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuiaga piano.

Nikasikia viatu. Vilikuja kutoka nyuma kabisa, bila haraka, kupitia katikati ya kanisa ambalo mwenyewe hakuwahi kuingia kabla ya siku hiyo. Baba hakumwomba mtu ruhusa. Alikaa upande wa kushoto, ule wa chini, akakita miguu yake sakafuni, akaweka mikono magotini.

"Egemea hapa," akasema kwa Kijaluo. "Chombo kikiinama, mtu hukaa pale kinapomhitaji."

Nikaegemea. Bega lake halikutikisika. Nilipiga beti zote nne, mkono wangu wa kushoto ukisugua mkono wa koti lake kila niliposhuka kwenye besi, naye hakujisogeza hata unywele. Kanisa zima likaimba. Sijawahi kusikia piano ile ikisema hivyo, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile, furaha inayokufanya utake kukimbia na kubaki palepale. Kwenye ubeti wa tatu mguu wa baba ukaanza kugonga sakafu, nje kabisa ya mapigo.

Baada ya "Amina" alinigeukia. Nilikuwa upande wa juu, kwa hiyo ilibidi ainue uso kunitazama. Alinitazama muda mrefu mbele za watu.

"Umefika hapa lini?" akanong'ona.

Nje, mgeni wa Homa Bay alitushika mkono. Alisema piano ibaki. Kisha akamtazama baba. "Na huyu mzee, yeye huwa anakuja pamoja na piano?"

Watu walipotawanyika baba alinivuta pembeni. Alitaka nijue kwamba hakukosea. Hakukisia. Alikuwa amepima kwa makini, mara mbili, kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yetu Karungu, pale ambapo alinichongea alama kwa patasi kila likizo nilipokuwa mdogo. Alama ya mwisho ni ya mwaka niliokwenda shule ya bweni, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mtoto wa kimo kile huhitaji benchi la juu ili viwiko vifike. Benchi lilikuwa sawa kabisa, kwa yule mtoto.

Nilimshika mkono wa koti.

Alilala kwangu. Jumapili asubuhi, mahali ambapo lori lingeegeshwa, alilitoa benchi hadi kwenye ua wa kanisa na kuchukua msumeno wake kutoka kwenye miavuli. Alilipindua, akalisimamisha tena, akachomoa penseli nyuma ya sikio.

"Umemaliza kukua?"

"Baba, nina miaka thelathini na nane."

"Sikuuliza hiyo."

"Nimemaliza," nikasema.

"Basi kaa."

Nikakaa kwenye kiti kimoja cha plastiki, mgongo wima. Alipiga magoti mbele yangu, magoti yake yakalia, akaweka kidole gumba kwenye kiti na kuanza kupanda kwa shibiri hadi kwenye kiwiko changu, polepole, midomo yake ikihesabu.

"Usicheke," akasema. "Ukicheka unabadilika."

Alinipima mara tatu.