Kamba ya Pajani

Fundi cherehani mmoja aliyeitwa Pindo, kwa kuwa hakuna aliyekunja pindo la suruali kama yeye, alisimama ufukweni asubuhi ya mashindano. Pajani alikuwa amefungwa kamba. Upande wa pili wa kamba alifungwa wifi yake, dada wa mumewe, mpokea simu wa hospitali, asiyeona tangu azaliwe. Mbele yao ziwa. Jamani, maji meusi tii!

Mashindano yenyewe ni ya ubingwa, tena ya masafa marefu: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia, siku inakuishia njiani. Asiyeona huingia na mwongozaji, na akitoka mmoja wametoka wote. Mwaka uliopita wifi aliongozwa na binti mmoja shupavu, hajui woga. Mawimbi yalipowapiga kamba ikakatika, ndivyo binti alivyoeleza, na wifi akabaki peke yake majini akiita mpaka mashua ikamwokota. Tangu hapo kila aliyeombwa alikuwa na udhuru. Pindo alikubali akiwa jikoni, mikono ina povu la vyombo, kwa sababu wifi aliomba mara moja tu, hakurudia. Angejuaje kwamba atajuta hivi?

Maana Pindo alijifunza kuogelea ukubwani, tena kwenye bwawa la vigae, chini unakuona. Maji yasiyo na chini yalimtia kiwewe. Hilo hakumwambia mtu, hata mumewe.

"Nieleze," wifi alisema. "Nani wapo?"

"Mbele kabisa wapo wanaoishi kwa kazi hii. Wamekonda, hawasemi na mtu, wamenuna kama wanasubiri lifti mbovu. Nyuma yao wanaojipiga picha."

"Hao watazama na simu zao."

"Yupo babu mwenye kitambi, anakula ndizi hana habari. Yupo dada mwenye mguu wa chuma, ameuvua, anamwambia mumewe aulinde usiibiwe. Halafu kuna kundi zima la wanaotetemeka."

"Sisi kundi gani?"

"La babu," Pindo alidanganya.

"Na maji?"

"Yametulia. Unaona mpaka chini."

Honi ikalia.

Hatua chache tu, halafu chini kukatoweka. Pindo aliona giza, na mikono yake mwenyewe ikizamia ndani yake. Mtu akampiga teke la bega, mwingine akampanda mgongoni. Akameza maji. Alijikaza hivyohivyo, na karibu na boya la kwanza mwili ukagoma. Nakufa, alijisemea. Nakufa, na watoto wangu sijawaaga! Mkono ukashuka pajani, kwenye fundo, kabla hajajua unafanya nini. Vidole vya fundi cherehani, fundo gani litavishinda? Likaanza kulegea.

Mkono mwingine ukaushika wake.

"Wifi," alisema yule asiyeona, akielea mbele yake. "Hakuna chini, ee?"

"Hakuna." Pindo aliangua kilio. "Ni giza tu. Naogopa, wifi. Tutakufa."

"Mimi chini sijakuona tangu nizaliwe na bado nadunda. Funga macho. Ukiinua kichwa fungua, tafuta boya. Ukishusha, funga. Na likaze hilo fundo. Tafadhali."

Hiyo tafadhali ndiyo iliyomchoma. Wifi huyu, anayemwamrisha hata kaka yake mkubwa, hamwambii mtu tafadhali. Pindo akakaza fundo mpaka likamuumiza.

Hofu haikumtoka, wala tusidanganyane. Ilikwenda nao boya kwa boya. Aliinua kichwa, akaona boya. Akashusha, akafumba, akabaki na giza la kope zake mwenyewe, dogo, analolijua. Babu wa kitambi aliwapita chali, anahema kwa raha zake.

Ufukweni Pindo alipiga magoti akatapika. "Nilikuwa nafungua," alisema. "Nilikuwa nakuacha."

"Najua. Niliisikia inalegea." Wifi alikamua nywele. "Yule binti wa mwaka jana aliniambia kamba ilikatika. Niliipapasa baadaye, ncha zote nzima. Nilisema asante, nikaenda kulia chooni. Kwa hiyo uoga wako nauweza, wifi yangu. Uongo siuwezi."

Pindo alimshika mkono wakaenda kwenye baiskeli yao ya watu wawili. Akashika usukani mbele, wifi akapapasa kiti cha nyuma.

"Naambiwa kuna mteremko," wifi alisema. "Ukoje?"

Pindo aliitazama barabara ikidondoka kutoka kilimani. Neno la kumtuliza lilishamfika ulimini.

"Unatisha," alisema. "Una kona mbili mbaya. Naogopa."

"Na mimi," wifi akajibu, akapanda. "Haya, twende."